Mwili Ukitembea, Akili Nayo Itembee

Likizo iliyopita nyanya aliniita kwa jina la marehemu babu. Jameni, nilishtuka! Nilimwuliza mwalimu wa Bayolojia, akanieleza utafiti wa Ufini uliotangazwa mwaka 2015. Wazee 1,260 walifuatiliwa miaka miwili. Nusu walifanya mazoezi ya viungo na ya kumbukumbu, wakala vyakula bora, wakapimwa presha. Wengine walipewa ushauri wa kawaida tu. Wale wa kwanza walipita mitihani ya akili vizuri zaidi.

Basi nikaanza kutembea na nyanya hadi sokoni kila jioni, tukitegeana vitendawili njiani. Kusahau hakujaisha, lakini kimoja kilinishinda, ikabidi nimpe mji! Nawe usimwache mzee wako aketi kutwa.