Haramia Mwungwana: Tatizo la Kufasiri Neno "Bandolero"

Mfasiri wa hadithi za Kihispania akutanapo na neno "bandolero" hana budi kujiuliza: amwite mtu huyu jambazi, mwasi au haramia? Uamuzi huo si mdogo, kwani neno atakalolichagua ndilo litakalomhukumu mhusika kabla msomaji hajayajua matendo yake.

Asili ya neno hili ni "bando", yaani kundi au upande katika ugomvi. Huko Catalonia, katika karne ya 16 na ya 17, wengi walioitwa hivyo walikuwa wafuasi wa makundi yaliyohasimiana. Mmojawapo, Perot Rocaguinarda, alisamehewa mwaka 1611, akaenda kutumikia jeshini Naples. Cervantes alimwingiza katika sehemu ya pili ya Don Quijote, iliyotolewa mwaka 1615, kwa jina la Roque Guinart: mnyang'anyi agawaye nyara kwa haki na kuwaachia wasafiri sehemu kubwa ya fedha zao.

Baadaye sifa hizo zilihamia Andalusia. Diego Corrientes, aliyezaliwa Utrera mwaka 1757, alinyongwa Seville mwaka 1781. Habari zake zilienezwa kwa vijitabu vya bei nafuu vilivyotundikwa kambani ili viuzwe. Aghalabu wauzaji walikuwa vipofu, nao waliighani mikasa iliyomo. Humo aliitwa "bandido generoso", mtu awanyang'anyaye matajiri na kuwasaidia maskini.

Neno "mwasi" halifai, kwa kuwa mhusika huyu hakusudii kumpindua mfalme. Aghalabu hutaraji msamaha wake. José María Hinojosa, maarufu kwa jina la El Tempranillo, aliupokea msamaha huo mwaka 1832, akawaandama maharamia wenziwe, akauawa mwaka 1833. "Jambazi" nalo hulaumu tu, wala halielezi kwa nini wanakijiji walimficha.

Yafaa basi tuseme "haramia mwungwana". Neno "generoso" katika asili yake ya Kilatini lilihusu nasaba bora, kisha likaja kuhusu ukarimu. Mwungwana naye zamani alitambulika kwa kuzaliwa huru, lakini wahenga walikwisha kutufunza kwamba uungwana ni kitendo. Kwa istilahi hii, "haramia" lahifadhi kosa lake mbele ya sheria, na "mwungwana" lahifadhi heshima aliyopewa na umma. Mfasiri akiliacha mojawapo, hadithi itakuwa imepoteza nusu ya maana yake.