Jinsi Wimbo na Picha Vinavyopatanishwa

Mtu atazamapo filamu ya wimbo huona mambo ya ajabu, lakini kwa kuwa amekwisha kuyazoea hayamshangazi tena. Mwimbaji ameketi katika ngarawa. Upepo wavuma, nguo yake yapepea, mawimbi yapiga ubavu wa chombo. Walakini upepo hausikiki, wala mawimbi hayasikiki. Kinachosikika ni sauti yake tu, safi kabisa, pamoja na ngoma na zeze, na wapigaji hawamo chomboni. Mara mwimbaji yule yule yupo sokoni kati ya wauza samaki, na wimbo haukukatika hata kidogo. Je, wapigaji wamejificha wapi? Na yeye alifikaje sokoni kabla ya kumaliza ubeti?

Jibu ni kwamba wimbo unaosikika haukuimbwa baharini wala sokoni. Ulikuwa umekwisha kuimbwa siku nyingi kabla, ndani ya chumba kilichozibwa vizuri ili kelele za nje zisiingie. Sauti ina siku yake na picha ina siku yake, na kazi yote ni kuvipatanisha viwili hivyo, hata mtazamaji asijue kuwa vilikuwa mbalimbali.

Chukua mfano wa wanafunzi watano wa chuo kilicho karibu na bahari. Mwalimu wao amewaagiza watengeneze filamu ya wimbo mmoja na kuileta baada ya majuma matatu. Kamera ni ya chuo, nao wamepewa kwa siku mbili tu. Mmoja ndiye aliyeutunga wimbo na kuuimba, maana wimbo wa mtu mwingine hautumiwi bila ruhusa yake. Wa pili hushika kamera, wa tatu huangalia mambo ya sauti, wa nne huwaongoza wote. Wa tano huandika daftarini kila jambo lifanyikalo. Huyo siku ya kwanza hudharauliwa na wenzake. Siku ya mwisho ndiye atafutwaye na wote.

Yafaa kujua kwanza kamera inafanya nini. Haipigi picha moja itembeayo, kwa maana picha ya namna hiyo haipo. Hupiga picha nyingi zilizotulia, mojamoja, mathalan 25 katika kila sekunde, na zikionyeshwa upesi jicho huziona kama mwendo mmoja. Basi wimbo wa dakika 4 wahitaji picha 6,000. Midomo ya mwimbaji ikichelewa kwa picha moja, watu wengi hawatambui. Ikichelewa kwa picha tano, hata mtoto huona kuna kasoro, ijapokuwa pengine hawezi kuitaja.

Pale pwani kipaza sauti huwekwa mchangani, wimbo hupigwa, na mwimbaji huufuatisha. Afadhali aimbe kwa nguvu hasa, asichezeshe midomo tu. Maana mtu aimbaye kweli shingo yake hukaza na kifua chake hupanda, na mwenye kujisingizia hutambulikana mara moja. Kama sauti yake imekauka si neno, kwa kuwa haitatumika. Kamera nayo hunasa sauti za pale pale, yaani wimbo utokao katika kipaza sauti, umechanganyika na upepo na kelele za kunguru. Sauti hiyo mbaya haitasikiwa na mtazamaji yeyote, lakini haitupwi mapema. Katika kompyuta sauti huonekana kama mstari wenye vilima na mabonde. Wanafunzi huweka mstari wa sauti mbaya chini ya mstari wa wimbo safi, wakavisogeza mpaka vilima vikalingana. Ndipo huifuta ile mbaya na kuibakiza ile njema. Watu wa sinema, ambao kamera zao zamani hazikuwa na masikio, waligonga vibao viwili mbele ya kamera kabla ya kuanza, na mahali vibao vilipokutana katika picha palilinganishwa na mlio wake. Vibao hivyo vyatumika hata leo.

Hapo yaweza kuonekana kuwa kazi imekuwa rahisi. La, kuna adui mmoja asiyeonekana, naye ni umbali. Mtu akitazama kutoka mbali mwanamke atwangaye, huona mchi umekwisha kushuka kinuni kabla hajasikia kishindo. Sauti husafiri hewani kiasi cha meta 340 katika sekunde moja, na huo ni mwendo mkubwa, lakini si kitu mbele ya mwendo wa nuru. Ikiwa kipaza sauti kipo karibu na kamera, na mwimbaji yumo ngarawani meta 30 kutoka hapo, wimbo humfikia umechelewa kwa muda wa picha mbili na zaidi. Naye hufungua kinywa kwa kuufuata huo uliochelewa. Ngarawa ikizidi kwenda mbali, kuchelewa nako kwazidi, hata hakuna kipimo kimoja kiwezacho kusahihisha filamu nzima. Dawa yake ni ndogo: kipaza sauti kidogo hufichwa ndani ya chombo, miguuni pa mwimbaji, penye kanga iliyokunjwa.

Wako wajuao kuigeuza kanuni hii kuwa mchezo. Wakitaka mwimbaji aende polepole kama mtu wa ndotoni, na huku midomo yake ilingane na wimbo, huupiga wimbo kwa mwendo maradufu, na kamera hupiga picha 50 kwa sekunde badala ya 25. Mwimbaji hana budi kuyasema maneno mbiombio, na mpita njia akimwona atadhani ameingiwa na wazimu. Lakini picha zikionyeshwa 25 kwa sekunde, mwili wake huelea kwa upole na kila neno huwa mahali pake. Mwaka 2002 Chris Martin, mwimbaji wa kundi la Coldplay la Uingereza, alijifunza kuimba wimbo wao uitwao The Scientist kutoka mwisho kuja mwanzo. Filamu yake ilipochezeshwa kinyumenyume, watu na vitu vyote vilirudi nyuma, bali midomo yake ikatamka sawasawa.

Wanafunzi wa pwani wana shida nyingine, ambayo haimo katika vitabu vya wageni. Asubuhi wamepiga picha ngarawa imelala mchangani, maji yamekupwa. Wamekula, wamepumzika, wamerudi. Maji yamejaa na ngarawa yaelea. Wakiunga picha hizo mbili katika ubeti mmoja, bahari itaonekana kupanda kwa kufumba na kufumbua. Wakirudi kesho saa ile ile, maji yatakuwa nyuma kwa dakika 50 hivi. Baada ya majuma mawili maji hurudia karibu saa zile zile, lakini kamera ya chuo itakuwa imekwisha kurudishwa. Ndipo daftari la yule wa tano linapotakwa: maji yalikuwa wapi, jua lilikuwa upande gani, kanga ilifungwa bega lipi, na ni picha ya mara ya ngapi iliyofaa.

Kazi ikiisha, sauti na picha huhifadhiwa pamoja, tena katika mahali pawili. Sababu yake yaonekana katika kisa cha Marekani. Mnamo mwaka 1894 au 1895 William Dickson, aliyemfanyia kazi Thomas Edison, alisimama mbele ya pembe kubwa ya kunasia sauti akapiga fidla, na wanaume wawili wakacheza karibu naye. Picha zilinaswa katika utepe, na mlio ukanaswa katika silinda ya nta, mfano wa kipande kifupi cha mwanzi. Kisha vitu hivyo viwili vikatengana. Picha zilibaki, nazo ni za sekunde 17 hivi, za fidla isiyolia na wachezaji wasio na ngoma. Silinda ilipatikana baada ya miaka mingi, imevunjika. Iliungwa kwa uangalifu, mlio wake ukatolewa, na mwaka 2000 Walter Murch, fundi wa sauti na wa kuunga filamu, akatumia kompyuta kuutafuta mwanzo wa mlio na kuupatanisha na picha. Miaka zaidi ya mia moja ilikuwa imepita, na wale wawili wakasikika wakicheza fidla yao.