Kutafuta Nyanya za Mbegu ya Kale katika Bustani za Mlowo

Mji mdogo wa Mlowo, wilayani Mbozi katika Mkoa wa Songwe, umekaa kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na karibu na reli ya TAZARA. Sifa yake imetokana na mahindi, maharage na kahawa kuliko nyanya. Hata hivyo ni mara chache maharage huungwa bila nyanya, na mwenye kiwanja chenye nafasi ya matuta mawili nyuma ya jiko hutamani kuwa na mashina yake mwenyewe.

Mtu wa namna hiyo akienda katika duka la pembejeo hupewa pakiti ya mbegu. Mara nyingi mbegu hizo ni chotara, yaani uzao wa kwanza wa wazazi wawili walio tofauti. Msimu wa kwanza mavuno huwa mazuri na yanayolingana. Msimu wa pili mkulima akikamua mbegu za matunda yale na kuzipanda, shina moja huzaa matunda ya duara, la pili marefu, la tatu hurefuka na kutambaa, la nne hukaa fupi. Wengi husema mbegu "imechoka". Kwa kweli haikuchoka, bali imegawanyika kwa kanuni aliyoieleza Gregor Mendel mwaka 1866 kuhusu mimea ya njegere. Lakini faraja hiyo ya kielimu haimwondolei mkulima gharama ya kununua pakiti nyingine.

Hivyo swali la makala hii ni hili: je, mwalimu au mwanafunzi wa Mlowo aweza kupata nyanya iliyozoea mahali pale, ambayo mbegu zake zikikamuliwa mwaka huu zitazaa nyanya ileile mwaka ujao? Na akiipata, atajuaje kuwa ndiyo?

Asili ipi?

Kwanza tuelewane juu ya neno "asili". Nyanya, ambayo jina lake la kisayansi ni Solanum lycopersicum, haikutoka Afrika. Ndugu zake wa porini wako magharibi mwa Amerika ya Kusini, katika nchi kama Peru na Ekwado. Ikalimwa na kukuzwa Meksiko, ambako Waazteki waliita tunda la jamii hii tomatl. Wahispania waliivusha bahari katika karne ya 16. (Walimu waliosoma zamani watakumbuka jina Lycopersicon esculentum, wataalamu wamerudi katika jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1753, kwa kuwa uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba nyanya ni ndugu wa karibu wa viazi mviringo.) Unguja huiita tungule. Bara tumeipa jina inaloshirikiana na nyanya chungu, au ngogwe, na kwa maana kali ya neno hiyo ngogwe ndiyo nyanya ya asili ya Afrika.

Kwa hiyo tunaposema nyanya ya mbegu ya kale tuna maana ya mambo mawili tu: kwamba uzao wake umetulia, na kwamba imetunzwa mkononi mwa watu kwa miaka mingi. Baadhi ya nyanya hizo zilikuja na majina. Marglobe ilitolewa Marekani mwaka 1925 kwa ajili ya kustahimili mnyauko. Moneymaker ni ya Uingereza. Roma na Cal J zilikusudiwa viwanda vya kusindika, lakini zimelimwa kwetu kwa miongo mingi. Baadaye zilifuata Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997 kutokana na kazi iliyofanyika Arusha. Zote hizi si chotara. Zilizokaa muda mrefu mashambani zimepoteza hata majina yao, na mkulima husema tu kwamba hii ni "ile nyanya ya bibi". Juu ya hizo kuna vile vinyanya vidogo vyenye ukubwa wa gololi, vinavyojiotea penye jaa na kando ya mashimo ya takataka, ambavyo hakuna mtu anayekumbuka kuvipanda.

Ndani ya ua

Sababu ya nyanya kutunza uzao wake imo ndani ya ua lenyewe. Mwanafunzi achukue ua la njano lililofunguka asubuhi, alipasue kwa wembe na kulitazama kwa lenzi. Ataona kwamba stameni zimeungana zikafanya mrija mfano wa pia, na stigma imefichwa ndani ya mrija huo. Chavua inapodondoka huiangukia stigma ya ua hilohilo. Hivyo nyanya nyingi zinazolimwa hujichavusha zenyewe, na upepo wa kutikisa shina watosha kuifanya kazi hiyo.

Lakini mlango haukufungwa kabisa. Ndugu wa porini wa nyanya wana stigma ndefu inayochungulia nje, na baadhi ya nyanya ndogo za kale zimebaki na tabia hiyo. Wadudu nao hufika. Nyuki wa asali hawezi kulitikisa ua la nyanya kwa mvumo wa misuli yake. Wale nyuki weusi wakubwa watoboao mbao huweza, na hao Mbozi hawakosekani penye boriti kuukuu. Kwa sababu hiyo atakaye mbegu safi akague urefu wa stigma kwanza. Ikiwa imechomoza, afunike kichala cha maua kwa kifuko cha chandarua kabla hayajafunguka, na akifungue matunda yakishatunga.

Mahali pa kutafuta

Katika soko, matenga yaliyoshushwa kutoka kwenye lori hayana msaada mkubwa. Nyanya zake zimetoka mashamba mengi, na muuzaji hawezi kujua mama wa kila tunda. Msaada uko kwa kina mama wanaopanga mafungu madogo waliyoyachuma nyumbani, yasiyolingana kwa ukubwa, mengine yakiwa na mabega ya kijani. Mabega hayo hudharauliwa na wanunuzi, nami naona yanaonewa. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani na wenzao walionyesha kuwa jeni inayoyaleta huongeza chembe za kijani katika tunda bichi, na kwa hiyo sukari katika tunda lililoiva. Wafugaji wa mimea walioteua nyanya zinazoiva kwa rangi moja waliipoteza jeni hiyo bila kujua.

Swali la kumuuliza mama huyo ni moja: mbegu mwaipata wapi? Akijibu kwamba hununua kila msimu, mshukuru na kuendelea. Akijibu kwamba hukamua wenyewe, na kwamba mama mkwe wake alifanya hivyo kabla yake, basi omba kwenda kuliona shina. Mwanafunzi asimwendee mzee na daftari mkononi kabla ya shikamoo na mazungumzo ya hali ya nyumbani. Habari za mbegu ni habari za ukoo, hazitolewi kwa karani.

Nje ya soko, mahali pazuri ni kingo za mashamba ya kahawa, chini ya migomba, penye zizi la zamani na mahali panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Mvua za Mbozi huanza kiasi cha Novemba na kuisha kiasi cha Aprili. Mimea iliyojiotea kwa mvua hizo huwa imebeba matunda zinapokaribia kwisha. Wakati wa kiangazi utafutaji uhamie bustani za mabondeni zinazomwagiliwa.

Hapa yafaa kusema neno la tahadhari. Shina lililookoka jaani bila dawa limepita mtihani fulani, lakini hatujui ni mtihani gani. Pengine lina ukinzani wa kweli. Pengine matunda yake madogo yaliiva upesi kabla ugonjwa haujafika. Bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioangamiza viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845, hupenda baridi na majani yaliyolowa, na nyanda hizi zina vyote viwili. Tena ukale si kinga ya kila adui. Nondo wa Tuta absoluta, ambaye wakulima wetu walimpa jina la kanitangaze, aligunduliwa nchini mwaka 2014. Nyanya zilizokuwako kabla ya hapo hazikuwahi kupambana naye, wala hakuna sababu ya kutazamia kwamba zilijiandaa.

Hata hivyo thamani ya kutunza nyanya zisizo na soko imekwisha kuonekana. Katika miaka ya 1940 wataalamu wa Marekani waliivusha jeni ya kukinza minyoo fundo kutoka nyanya pori ya Peru, tunda dogo la kijani ambalo hakuna mwenye njaa angelichagua, na kuitia katika nyanya ya kuliwa. Mamilioni ya mashina yenye jeni hiyo yamepandwa tangu wakati huo. Kama mbegu za nyanya ile zisingekusanywa, kazi hiyo isingefanyika.

Jaribio la miche ishirini

Tuseme sasa mwanafunzi amepata tunda moja kutoka shina linalojulikana. Atajuaje kama uzao wake umetulia? Aotesha mbegu za tunda hilo peke yake, ahamishe miche 20 kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya shina na shina, na aiandike kwa namba. Mambo ya kutazama ni rangi ya shina changa, umbo la jani, kama mmea unakoma kukua au unaendelea kurefuka, umbo la tunda, rangi yake na mabega yake.

Kwa nini 20? Ikiwa mama alikuwa chotara kwa sifa moja, kwa mfano tunda jekundu lililoficha jeni ya njano, basi kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne ataonyesha sifa iliyofichwa. Uwezekano kwamba mche mmoja hautaionyesha ni 3/4. Kwa miche 10 uwezekano kwamba wote watatuficha ni 3/4 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 10, yaani karibu 6 katika 100. Kwa miche 20 hushuka hadi karibu 3 katika 1,000. Mwalimu wa hesabu asiachwe nje ya bustani hii.

Miche yote ikifanana, nyanya imetulia. Mmoja ukitofautiana sana na wenzake, yamkini nyuki alipita, nao ung'olewe. Ikitofautiana mingi, mama alikuwa chotara, lakini hata hapo kazi haijapotea. Kila kizazi kinachojichavusha hupunguza kwa nusu sehemu ya jeni zisizotulia: katika kizazi cha pili hubaki 50 katika 100, cha tatu 25, cha nne 12.5, na cha saba hupungua hata chini ya 2. Anayechagua shina moja bora kila msimu, akilima masika na kiangazi, atakuwa na nyanya iliyotulia baada ya miaka mitatu. Itakuwa nyanya mpya, iliyochaguliwa na udongo na baridi ya Mlowo, japokuwa baadhi ya kinga alizokuwa nazo chotara huenda zikawa zimepotea njiani.

Kukamua na kutunza

Matunda ya mbegu yachumwe yakiwa yameiva kabisa, kutoka mashina mazima, kamwe si kutoka shina lililonyauka au lenye batobato. Mvutaji wa tumbaku anawe mikono kwa sabuni kwanza, maana virusi vya tumbaku hushika nyanya pia. Mbegu zikamuliwe pamoja na ute wake katika kikombe na kuachwa kivulini siku mbili au tatu hadi povu litokee juu. Ute huo una kemikali zinazozuia mbegu kuota ndani ya tunda. Uchachu huuvunja, na huua baadhi ya bakteria walioshika ngozi ya mbegu. Zikizidi siku hizo huanza kuota. Kisha zioshwe, zile zinazoelea zitupwe, na zilizozama zianikwe juu ya sahani penye kivuli na upepo. Zisianikwe juu ya karatasi, kwani huganda, wala juu ya bati lenye jua kali.

Zikikauka hata haziwezi kupindika, zitiwe katika chupa yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipande vya mkaa mkavu vilivyofungwa katika kitambaa ili kunyonya unyevu. Zikitunzwa mahali pa baridi na pakavu huota vizuri hata baada ya miaka minne. Kitalu kisiwekwe mahali palipokuwa na viazi, mbilingani, pilipili, ngogwe au mnavu, kwa kuwa mimea hiyo ya jamii moja huachiana magonjwa.

Shule isiingie katika biashara ya kufungasha na kuuza mbegu hizo, maana biashara hiyo ina sheria yake ya mwaka 2003 na msimamizi wake, TOSCI. Lakini Arusha kipo kituo cha taifa cha kuhifadhi nasaba za mimea, na walio karibu na Mbeya wana watafiti wa kilimo wa Uyole. Sampuli inayowafaa watu hao ni ile yenye maelezo: jina ambalo wenyeji huiita, kijiji, tarehe ya kuchumwa, hali ya mahali ilipoota, miaka ambayo mwenye nyumba anakumbuka kuwa nayo, na matokeo ya jaribio la miche 20. Maelezo hayo yaandikwe kwa penseli juu ya kipande cha kadi na kutiwa ndani ya chupa pamoja na mbegu, si kubandikwa nje, ambako mende na moshi wa jiko huyaharibu kabla ya mvua nyingine kufika.