Mguu wa Mtoto Uliopinda Hunyooka, Usikate Tamaa

Mtoto anapozaliwa unyayo ukiwa umegeukia ndani na kisigino kimevutwa juu, familia huwa na maswali mengi. Je, ni laana? Je, mama alikosea akiwa mjamzito? La hasha. Hali hii humpata takriban mtoto 1 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa, na inatibika. Tiba yenyewe inategemea sehemu ya mwili ambayo ni nadra kuizungumzia: tishu unganishi.

Tishu unganishi ni nini?

Hizi ni tishu zinazounganisha, kushikilia na kukinga viungo vya mwili. Mifupa, gegedu, mafuta ya mwilini na hata damu zimo katika kundi hili. Kwenye mguu uliopinda, zinazohusika zaidi ni kano, ambazo hushikanisha msuli na mfupa, na ligamenti, ambazo hufunga mfupa kwa mfupa. Gusa nyuma ya mguu wako, juu kidogo ya kisigino. Ile kamba ngumu ndiyo kano kubwa na imara kuliko zote mwilini.

Kano na ligamenti zimeundwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizolala pamoja kama katani kwenye kamba. Ukizivuta kwa nguvu huchanika. Ukizivuta taratibu na kuzishikilia kwa siku kadhaa, mwili huzipanga upya kwa urefu mpya.

Mtoto mwenye tatizo hili ana ligamenti nene, fupi na zilizokaza upande wa ndani na nyuma ya kifundo. Hata hivyo, akiwa mchanga bado ni laini, na sehemu kubwa ya mifupa ya unyayo wake ingali gegedu. Ndiyo maana wiki za kwanza ni muhimu.

Matibabu hufanywaje?

Njia inayotumika kote duniani ilibuniwa na Dkt. Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani. Mhudumu aliyefunzwa hunyoosha unyayo polepole kwa mkono, kisha huufunga plasta kuanzia vidoleni hadi pajani. Plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 au 6. Watoto wengi kisha hudungwa ganzi na kukatwa kano ya kisigino. Plasta ya mwisho hukaa wiki 3, na kano hujiunga tena ikiwa ndefu zaidi.

Baadaye mtoto huvishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ubao au chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala pekee hadi afikishe takriban miaka 4.

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Wakiona mguu umenyooka, viatu huwekwa kando. Lakini ligamenti hizo bado zina tabia ya kukaza, na mguu hupinda tena.

Ombi kwa wazazi

Kagua nyayo za mtoto punde anapozaliwa. Ukiona zimepinda, usimkande wala kumfunga vijiti. Mwone mhudumu wa afya ya jamii au fika katika kituo cha afya kilicho karibu upewe rufaa. Hata aliyechelewa aletwe, kwani watoto wakubwa pia husaidika. Na viatu vikishatolewa, visivuliwe kabla ya muda wake.