Mbwa Mpole kwa Mtoto Mwenye Ulemavu

Wazazi wa watoto wenye usonji au mtindio wa ubongo hutuuliza kama inafaa kufuga mbwa nyumbani. Jibu letu ni ndiyo, endapo mbwa huyo amezaliwa na kulelewa kwa upole. Mbwa wengi wa kwetu hufugwa kwa ajili ya ulinzi, na ukali ndio sifa yao. Mtoto anayepiga kelele ghafla au kuvuta mkia hayuko salama mbele ya mbwa wa namna hiyo.

Upole huanzia kwa wazazi. Tuchague jike na dume watulivu, wasio waoga, kwa kuwa woga hurithiwa. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 hivi, watoto wa mbwa washikwe kila siku na kuzoeshwa sauti za watoto, magongo na kiti cha magurudumu. Wasitenganishwe na mama yao kabla ya wiki 8.

Wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa wakifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara huishia kifo, na mtoto asiyeweza kuongea hatatuambia kuwa aling'atwa. Hivyo hata mbwa mpole asiachwe naye peke yao. Aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tunaziomba kamati za sharika: kabla familia haijapokea mtoto wa mbwa, nendeni kwanza mkamwone mama yake. Nanyi wafadhili wetu, msaada wenu uanzie kwenye chanjo.