Mzee Kummerow na Mafuta Yaliyogandishwa

Wajukuu, baadhi yenu mnalijua tumbo la maziwa. Unakunywa kikombe asubuhi, haifiki saa nne tumbo linanguruma, limejaa gesi, na choo kinaonekana kiko mbali mno. Si kudeka huko. Maziwa yana sukari yake, laktosi, na ili utumbo uivunje unahitaji kimeng'enya kiitwacho laktasi. Watoto wachanga huzaliwa nacho tele. Watu wengi duniani hupungukiwa nacho wakikua. Wamasai, kwa kuwa mababu zao waliishi kwa maziwa, wengi wao hubaki nacho hata uzeeni.

Basi mwenye tumbo hilo anaacha maziwa, anaacha na siagi. Anapata nafuu. Lakini mkate mtupu haupiti kooni, na dukani lipo kopo la mafuta ya mimea yaliyoganda, limeandikwa halina maziwa. Hapo hadithi yangu inatupeleka Ujerumani.

Mwaka 1902 mkemia Wilhelm Normann alipata hataza ya kuyagandisha mafuta ya maji. Unayapasha moto, unayapitishia gesi ya haidrojeni, na nikeli inaharakisha kazi. Yanatoka mazito, hayachachi upesi, na ni rahisi kuliko siagi. Viwanda vya biskuti vilitaka nini zaidi?

Siri yake iko kwenye umbo. Molekuli nyingi za mafuta ya alizeti zimepinda, kama kuni za matawi: huwezi kuzifunga mzigo ukakaza. Haidrojeni huzinyoosha zikawa kama fito, zikalaliana, mafuta yakaganda. Kazi hiyo ikikatishwa katikati, baadhi ya molekuli hunyooka kwa namna isiyo ya kawaida. Hayo ndiyo mafuta ya transi. Mwilini hupandisha kolesteroli mbaya na papo hapo hushusha ile nzuri, na moyo ndio unaolipa.

Fred Kummerow alilishuku jambo hili mapema. Alizaliwa Berlin mwaka 1914, akakulia Marekani, akawa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1957 alichapisha kwamba mafuta hayo yalikutwa katika miili ya watu waliokufa. Wachache walimsikiliza. Mwaka 2009, ana miaka 94, aliiandikia mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani akiomba yapigwe marufuku. Kimya. Mwaka 2013 akaipeleka mahakamani! Miaka miwili baadaye mamlaka ikatamka kwamba mafuta yaliyogandishwa nusunusu hayahesabiwi tena kuwa salama kwenye chakula. Wadenmark walikuwa wameshatangulia tangu 2003, kwa kuweka kikomo cha gramu 2 za transi katika kila gramu 100 za mafuta.

Mzee alifariki mwaka 2017, ana miaka 102, na siku zote alikuwa akinywa maziwa na kupikia mayai siagi. Tumbo lake lilimruhusu. La kwako likikataa, liheshimu, ila chunguza unachoweka mahali pa siagi.

Chukueni pakiti ya biskuti au kopo la majarini mgeuze nyuma. Maandishi mara nyingi ni ya Kiingereza, na madogo kweli. Tafuteni neno linaloanza na h-y-d-r-o-g: hydrogenated, yaani yaliyotiwa haidrojeni. Mkilikuta kwenye orodha ya viambato, rudisheni. Msidanganywe na sifuri iliyoandikwa mbele: Marekani, kipimo kimoja kikiwa na chini ya nusu gramu, sheria inaruhusu iandikwe sifuri, na nani hula kipimo kimoja cha biskuti? Kisha tafuteni maziwa, maana majarini nyingine hutiwa unga wa maziwa.

Nyumbani hamna dhiki. Parachichi lililopondwa na ndimu na chumvi linakaa vizuri kwenye mkate, karanga za kusaga vilevile. Tui la nazi linapikia wali na mchuzi, ingawa nalo lina mafuta mazito, lisiwe la kila mlo. Na dagaa wanaoliwa na mifupa yao watawapa madini ya kalisi mliyoyaacha kwenye maziwa.

Wala msiogope kila kinachoganda. Mafuta ya nazi huganda yenyewe kukiwa na baridi. Maandazi ya mtaani ndiyo hayana pakiti ya kugeuza. Mwamkieni mama muuzaji, mumwulize kwa adabu anakaangia mafuta gani. Akiwaonyesha kopo, mnajua pa kuangalia.