Hedseti Isiyo na Waya Kazini: Usiangalie Bei Peke Yake

Ukitupigia simu kwa sababu umetuma pesa kwa nambari isiyo yenyewe, mhudumu atakuuliza jina, nambari ya kitambulisho, pengine na muamala wako wa mwisho. Yote hayo yanapitia kwenye hedseti aliyovaa. Na si kwetu tu. Karani wa sacco, mwenye duka anayeuza mtandaoni, dada anayepokea oda akiwa nyumbani, wote siku hizi wanaongea na wateja kupitia hedseti. Kama wewe ni mmoja wao, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka utunze habari za wateja wako.

Tuseme ukweli: kama hutoki mezani, nunua ya waya. Haiishi chaji katikati ya simu, na hakuna mawimbi ya kunasa hewani.

Ukihitaji kutembea, utakutana na aina mbili. Ya kwanza ni Bluetooth, ile tunayoijua sote. Ya pili ni DECT, ambayo huja na kituo chake cha kuwekwa mezani na hufika mbali zaidi, ndiyo maana ofisi kubwa huipenda. Kwa DECT, muulize muuzaji kama ina usalama wa kiwango cha C, unaotumia ufunguo wa biti 128. Zile za zamani zilitumia biti 64, na tangu 2010 watafiti wameonyesha kwamba ulinzi huo unaweza kuvunjwa. Uliza pia ilitengenezewa soko gani, maana za Marekani hutumia masafa tofauti na za Ulaya.

Bluetooth nayo ina mambo yake. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba mtu aliye karibu angeweza kulazimisha vifaa viwili vitumie ufunguo dhaifu kabisa, wa baiti moja. Halafu Juni 2025, kampuni ya ERNW ya Ujerumani ikaeleza kasoro kwenye chipu za Airoha, zinazotumika na watengenezaji wengi. Mtu aliye karibu angeweza kuingia kwenye hedseti bila kuunganishwa nayo, na kwa baadhi yake hata kusikiliza kupitia maikrofoni. Dawa ni sasisho la programu ya hedseti kutoka kwa mtengenezaji.

Hapo ndipo zile za bei ya kutupa zinakuangusha. Haina jina la kueleweka, haina programu ya kuisasisha, kwa hivyo kasoro ikijulikana leo utakaa nayo mpaka uitupe. Kabla ya kulipa, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji kama modeli hiyo hupata masasisho. Usipoiona huko, achana nayo hata kama muuzaji anaapa.

Ukishanunua, iunganishe mara ya kwanza ukiwa mahali pa faragha, si kwenye matatu. Ombi la kuunganisha usilolijua, kataa. Ukiiuza au kumpa mwenzako, futa kwanza orodha ya simu ilizowahi kuunganishwa nazo.

Lakini kuna siri nyingi zinazovujia mdomoni, wala hazihitaji mtaalamu wa mawimbi. Umevaa hedseti nzuri, kelele za nje husikii, unamrudishia mteja nambari ya kitambulisho kwa sauti ya juu na foleni nzima inaandika. Mwambie mteja, "Nitajie tena tarakimu tatu za mwisho," kisha nyamaza uandike.